Zaburi: Ushairi wa Kale wa Waebrania katika Sanaa na Ibada

Neno zaburi si geni masikioni mwa Waswahili. Liliingia katika lugha yetu kwa njia ya Kiarabu, na watu wa mwambao walilijua kabla Ludwig Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844, kwani Kurani yamtaja Nabii Daudi kuwa ndiye aliyepewa Zaburi, na yaeleza jinsi milima na ndege walivyomsabihi Mwenyezi Mungu pamoja naye. Kwa hiyo Waislamu wamjua Daudi, Wakristo wamsoma Daudi, na Wayahudi ndio waliomhifadhi kwa lugha yake mwenyewe. Twasema haya tangu mwanzo ili msomaji asidhani kuwa twakusudia kumhubiria. Shabaha yetu ni fasihi na historia yake: twataka kuchungua ni ushairi wa namna gani huu, uliodumu zaidi ya miaka elfu mbili ukiimbwa, ukichorwa na kuchezwa na mataifa yasiyokuwa na nasaba moja, na una jambo gani la kumwambia mtu aliyelelewa katika vina na mizani.

Hatuna budi kukiri kwamba suala hili halikutujia kwa usomi. Lilitujia kwa kosa. Miaka mingi iliyopita tulikuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya mashairi ya shule za sekondari katika wilaya moja. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alileta utungo juu ya kisima cha kijijini kwao kilichokauka. Haukuwa na kina hata kimoja, na mistari yake ilipishana urefu kama vidole vya mkono. Tulichukua kalamu nyekundu tukaandika chini yake: “Halina vina wala mizani. Si shairi.” Tulikuwa na hakika ya hukumu yetu, maana tulifunzwa kwa kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, na kitabu kile tungali twakiheshimu. Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani tukaitikia zaburi pamoja na umati, na katikati ya kuitikia tukajiuliza: je, hii tunayoiimba ina kina gani? Ina mizani mingapi? Hatukupata jibu, na tangu siku hiyo tukaanza kutafuta.

Kitabu cha Zaburi ni diwani. Kina tungo 150, zilizogawanywa katika vitabu vitano, nacho Waebrania hukiita Tehilim, yaani sifa. Tungo 73 zimeandikwa jina la Daudi juu yake, nyingine zimeandikwa Asafu, nyingine wana wa Kora, mbili Sulemani, na moja Musa. Lakini kiunganishi kinachotumika katika Kiebrania kuonyesha kwamba zaburi ni “ya Daudi” kina maana pana, sawasawa na kile cha kwetu. Sisi tukisema “picha ya baba”, msikilizaji hajui bado kama baba ndiye aliyeipiga, au ndiye anayeimiliki, au ndiye anayeonekana ndani yake. Hali kadhalika “zaburi ya Daudi” yaweza kuwa aliyoitunga, au aliyotungiwa, au iliyotoka katika mkusanyo uliobeba jina lake. Wataalamu wengi wa leo waona kwamba tungo hizi ni kazi ya watu wengi wa karne nyingi, na baadhi yake, kama ule wa waliochukuliwa mateka Babeli, haziwezi kuwa za zamani kuliko kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo. Asafu na wana wa Kora walikuwa koo za waimbaji wa hekalu. Mtu aliyepata kuishi mahali penye vyama vya ngoma ataelewa upesi jinsi wimbo unavyoweza kuwa mali ya kikundi kizima hata jina la mtunzi wa kwanza likafifia.

Si Zaburi peke yake zilizo mashairi katika Biblia. Kitabu cha Ayubu ni ushairi karibu chote. Hali kadhalika Mithali, Wimbo Ulio Bora, Maombolezo, na sehemu kubwa za manabii. Tena zile zinazodhaniwa kuwa kongwe kupita zote hazimo katika Zaburi. Ni wimbo wa ushindi wa Debora katika kitabu cha Waamuzi na ule ulioimbwa baada ya kuvuka bahari katika kitabu cha Kutoka, ambapo Miriamu alitwaa tari mkononi na wanawake wote wakamfuata kwa matari na kucheza. Kwa hiyo wanawake wamo katika mwanzo kabisa wa habari hii, wakiimba na kupiga ngoma. Jambo hilo halitamshangaza mtu aliyepata kuhudhuria arusi ya Kiswahili.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Kwa muda wa karne nyingi wasomaji walijua kwamba tungo hizi ni nyimbo, lakini walishindwa kuonyesha sheria yake. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliwaambia wasomaji wake wa Kiyunani kwamba Musa alitunga kwa mizani ile ya mishororo ya mashujaa wa Kiyunani. Padre Jeromi, mfasiri mkubwa wa Kilatini, naye alidhani kaona mizani ya namna hiyo katika Ayubu. Kila mmoja alitafuta katika nyumba ya jirani vyombo vya nyumbani kwake. Tusiwacheke, ndivyo tulivyofanya sisi kwa yule kijana.

Aliyeifumbua siri hiyo kwa wasomaji wa Ulaya ni Robert Lowth, Profesa wa Ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London. Mihadhara yake, aliyoitoa kwa Kilatini, ilipigwa chapa mwaka 1753. Alieleza kwamba mshororo wa Kiebrania kwa kawaida una vipande viwili, mara nyingine vitatu, na kwamba kipande cha pili husimama sambamba na cha kwanza kwa maana yake. Mara huirudia maana ile ile kwa maneno mengine. Mara huipinga kwa kuonyesha kinyume chake. Mara huiendeleza mbele. Kinachopimwa hapa ni wazo, wala si sauti peke yake. Hatutanukuu Maandiko, tutajitungia mfano mdogo wetu wenyewe ili jambo lionekane:

Mto umefurika usiku,
maji yamepanda gizani;
wakulima wameamka na majembe,
wenye mashamba wamekimbilia kingo.

Hapa hapana kina, lakini sikio lolote lasikia kwamba mstari wa pili wamjibu wa kwanza na wa nne wamjibu wa tatu. Na jibu lenyewe si mwangwi mtupu. Mwaka 1981 mtaalamu James Kugel alisisitiza kwamba kipande cha pili huongeza jambo, kana kwamba mshairi asema: ndivyo, na zaidi ya hivyo. Katika mfano wetu “kuamka” kumekuwa “kukimbilia”. Watu wametoka kitandani na sasa wako mtoni. Tukilitia wazo hilo hilo katika shairi la mizani kumi na sita, twapata:

Mto ulipofurika, usiku wenye kiwewe,
Wakulima waamka, mashamba yaokolewe.

Ukwapi umekamilika na utao umekamilika, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, na wimbo waimbika. Lakini msomaji atazame neno “kiwewe”. Halikuletwa na mto. Lililetwa na “yaokolewe”. Kina kimedai kulipwa, nasi tumelipa. Watunzi hodari hulipa deni hili bila ya mtu kujua, nasi tusio hodari twaonekana tukihesabu sarafu.

Lakini tusivutane kupita kiasi. Washairi wa Kiswahili na wa Kiebrania wote wawili waligawa mshororo mapande mawili na kuyapima. Tena kurudia wazo kwa sura ya pili si jambo geni kwetu. Methali zetu nyingi zasimama juu ya mapande mawili: mtu asemapo kwamba mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki, amefanya lile lile alilolieleza Lowth, na hakulisoma Oxford. Wala Waebrania hawakulibuni peke yao. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Syria aligonga kaburi la kale kwa jembe lake mahali karibu na Ras Shamra. Uchimbuzi ulioanza mwaka uliofuata ulifukua mji wa Ugarit, na vibao vya udongo vya karne ya kumi na nne na ya kumi na tatu kabla ya Kristo, vyenye tenzi za miungu ya Kikanaani. Tenzi hizo zina usambamba ule ule, na hata jozi za maneno zile zile. Kwa hiyo watunzi wa Zaburi walirithi ufundi wa majirani zao wakaupa kazi mpya.

Upo pia ufundi ambao mshairi wa mwambao angeutambua mara moja. Zaburi ya 119 ina aya 176. Kiebrania kina herufi 22, na kila herufi imepewa aya nane zinazoanza kwa herufi hiyo, tangu alefu hadi tau. Kitabu cha Maombolezo, kinachomlilia Yerusalemu baada ya kuteketezwa na Wababeli, kimepangwa vivyo hivyo: sura ya kwanza, ya pili na ya nne zafuata herufi zote 22, na sura ya tatu yazifuata mara tatu tatu, ikapata aya 66. Sura ya tano ina aya 22, lakini herufi zimevurugika, kana kwamba mwombolezaji amechoka kupanga. Kwetu nasi Sayyid Umar bin Amin wa Siyu alitunga Dura Mandhuma kwa kufuata herufi za Kiarabu. Tena katika Maombolezo mna mwendo wa pekee, uliotambuliwa na Mjerumani Karl Budde mwaka 1882: kipande cha kwanza kina mikazo mitatu na cha pili miwili tu, hata mshororo ukawa kama mtu anayechechemea nyuma ya jeneza. Hakuna tafsiri inayoweza kulihifadhi hilo. Herufi hupotea, mchechemeo hupotea, na michezo ya maneno hupotea pia. Nabii Isaya, katika wimbo wake wa shamba la mizabibu, asema kwamba Mungu alitazamia mishpati, hukumu ya haki, akaona mispahi, umwagaji wa damu. Alitazamia sedaka, uadilifu, akasikia seaka, kilio. Kwa Kiswahili twabaki na maana, na lile kofi la sauti lililomrudia msikilizaji hatunalo.

Kinachovuka mto salama ni usambamba. Kwa kuwa mizani yake ni ya maana, yachukulika katika lugha yo yote yenye maneno ya kutosha. Hapa twaona sababu moja kubwa ya ushairi huu kuenea duniani kuliko mashairi ya Wayunani na Warumi, ambayo uzuri wake mwingi umefungwa katika urefu na ufupi wa silabi za lugha zao.

Hata hivyo zaburi haikutungwa ili isomwe kimya. Juu ya tungo nyingi pameandikwa maelekezo kwa mwimbishaji, mara 55 kwa jumla. Nyingine zaonyesha ziimbwe kwa lahani gani, nazo lahani zina majina, kama vile kulungu wa alfajiri, au yale maua ya yungi. Neno “sela” latokea mara 71. Wengi hudhani ni alama ya kituo au ya kupandisha vinanda. Vimetajwa kinubi, zeze, tari, matoazi, na baragumu la pembe ya kondoo dume. Zaburi ya 136 ina aya 26, na nusu ya pili ya kila aya ni kiitikio kimoja kisichobadilika. Aliyewahi kuwasikia wavuvi wakivuta jarife, au wakulima wakilima kwa mkumbo huku mmoja akianzisha na wengine wakipokea, hahitaji kuelezwa jinsi utungo ule ulivyoimbwa. Mwalimu atakayemwagiza mwanafunzi mmoja kuusoma toka mwanzo hadi mwisho atawachosha wote. Awagawe darasa mapande mawili, naye ataona.

Lahani zenyewe zimepotea. Hekalu la kwanza lilichomwa mwaka 586 kabla ya Kristo. La pili likabomolewa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo, na vinanda vya waimbaji wa kilawi vikanyamaza. Katika karne ya kumi wataalamu wa Tiberia walikamilisha alama za kuongoza usomaji wa sauti, na Zaburi, Mithali na Ayubu zikapewa mfumo wake wa pekee. Ila alama hizo zaongoza tilawa, wala hazirudishi muziki wa Daudi. Mwaka 1956 katika pango la kumi na moja la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, palipatikana gombo la Zaburi lililofunguliwa mwaka 1961 na kutolewa chapa na J. A. Sanders mwaka 1965. Ndani yake tungo zimepangwa kwa utaratibu mwingine, na mna zaburi ya 151, iliyokuwa ikijulikana kwa Kiyunani na lugha nyingine, sasa ikaonekana kwa Kiebrania. Lakini ndani ya gombo lile hamkuwa na noti hata moja.

Kila taifa lililozipokea Zaburi limelazimika kuzitungia sauti upya, na katika Afrika waliotangulia ni Wahabeshi. Tungependa walimu wetu wakae zaidi hapa, kwa maana vijana wengi hudhani kwamba Zaburi zilifika bara hili ndani ya sanduku la mzungu. Ethiopia ilipokea Ukristo katika karne ya nne, na Zaburi zikatiwa katika lugha ya Kigeezi. Kitabu hicho huitwa Dawit, na kwa karne nyingi ndicho kilichokuwa kitabu cha mtoto cha kujifunzia kusoma, kikakaririwa kwa moyo. Mapokeo yao yamtaja Yaredi wa karne ya sita kuwa ndiye aliyeanzisha uimbaji wa kanisa lao. Hata leo madebtera, waimbaji wataalamu, husimama wameshika fimbo ndefu za sala, wakitikisa kayamba za chuma ziitwazo tsenatsili, ngoma ya kebero ikilia, nao wakiyumba na kucheza mbele ya madhabahu. Wana pia begena, kinubi kikubwa chenye nyuzi kumi na sauti nzito inayovuma kama nyuki ndani ya mzinga. Wenyewe hukiita kinubi cha Daudi, na hupigwa hasa wakati wa mfungo. Kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa Kigeezi kilikuwa Zaburi, na kilitolewa Roma mwaka 1513 na Johannes Potken, Mjerumani aliyejifunza kutoka kwa wahaji wa Kihabeshi. Kwa hiyo Ulaya ilipiga chapa Zaburi za Kiafrika miaka 127 kabla ya walowezi wa Massachusetts kutoa zaburi zao za Kiingereza mwaka 1640, kitabu cha kwanza kupigwa chapa katika makoloni yale.

Ulaya nayo haikulala. Watawa waliofuata kanuni ya Benedikto ya karne ya sita waliimba zaburi zote 150 kila juma. Waprotestanti wa Geneva walizitia zote katika beti za Kifaransa zenye vina, kazi iliyokamilika mwaka 1562. Igor Stravinsky alizitungia muziki mkubwa mwaka 1930, na Leonard Bernstein mwaka 1965 akazirudisha kwa Kiebrania chenyewe. Hayo twayapita upesi, ila kuna jambo moja la uchoraji ambalo hatuwezi kuliacha. Karibu na Reims, kati ya miaka ya 820 na 835, mafundi walichora kwa wino kitabu cha Zaburi ambacho sasa kimo Utrecht, chenye picha 166. Wachoraji wale walichukua kila tamathali kama ilivyo. Katika zaburi ya 44 watu wamsihi Mungu aamke, na mchoraji amemchora Bwana amelala kitandani huku malaika wakimwamsha. Kuna watakaocheka. Sisi twaona kwamba mchoraji yule alitambua ujasiri wa mshairi kuliko wahubiri wengi, kwa maana ombi lile ni shutuma, na mtu aliyeshindwa vita ndiye aliyelitoa.

Zaburi ya 137, ya mateka waliotundika vinubi vyao juu ya miti kando ya mito ya Babeli kwa kuwa hawakuweza kuimba ugenini, imepata safari ya ajabu kupita zote. Wajamaika, wajukuu wa waliochukuliwa toka Afrika wakiwa watumwa, waliiona kuwa habari yao wenyewe. Kundi la Melodians liliirekodi mwaka 1970, na mwaka 1978 kundi la Boney M likaieneza duniani kote kwa mdundo wa dansi, hata walevi wa vilabuni wakawa wakiimba maombolezo ya Wayahudi bila kujua.

Kwetu, Zaburi kwa Kiswahili zafungamana na jina la Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874. Yeye ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Akisaidiwa na wenyeji alifasiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiunguja. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Mombasa nayo ilitoa yake kwa Kimvita mwaka 1914. Tofauti hizo zilikomeshwa na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Msomaji aifungue hiyo penye Zaburi, ataona herufi kubwa zikichomoza katikati ya aya pasipo nukta. Wanafunzi hudhani ni makosa ya mpiga chapa. Si makosa, ni alama ya mwanzo wa kipande kipya cha mshororo, na mwalimu anayelijua hilo aweza kuuonyesha ule usambamba wote kwa chaki peke yake.

Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lakini sauti zilikuja kwa meli. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili toka mwisho, ilhali tenzi nyingi za Kizungu hufunga mstari kwa kishindo juu ya silabi ya mwisho. Matokeo yake ni kwamba vizazi vya waumini viliimba maneno yaliyopindwa shingo. Padre Stephen Mbunga aliijadili habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya sheria za kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Vatikani ukafungua mlango wa lugha za wenyeji katika ibada ya Wakatoliki. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson wa chuo cha Makumira alikusanya tenzi za sauti za makabila yetu katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Ngoma iliyokuwa imeachwa nje ya mlango ikaanza kuingia ndani.

Washairi nao hawakukaa kando. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na mtumishi wa serikali, alitoa Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka, alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi zilizotolewa mwaka 1996. Wazee hawa walichagua kumvika mgeni kanzu ya nyumbani. Utenzi una vipande vinne vya mizani minane kila ubeti, vitatu vya kina kimoja na cha nne cha bahari. Zaburi ina vipande viwili vinavyotazamana. Anayeitia zaburi katika utenzi apata kumbukumbu, maana ubeti wa utenzi hauponyoki kichwani, lakini ajitwike kazi ya kujaza nafasi mbili zilizozidi. Tulijaribu wenyewe zaburi ile ya mchungaji, ya 23. Tulipofika ubeti wa tatu tulikuwa tumekwisha tumia “kwa yakini” mara mbili na “nawambia” mara moja, nasi tukaweka kalamu chini. Heshima yetu kwa Mnyampala iliongezeka siku ile.

Wakati wa mabishano makali ya miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi mwaka 1979, upande mmoja ulidai kwamba ushairi usio na vina ni uigaji wa Wazungu. Sisi tungali twatunga kwa vina, na tutakufa hivyo. Lakini hoja ile haisimami. Mashairi yasiyo na vina yalikuwamo mikononi mwa watu wetu kila Jumapili tangu siku za Steere, nayo asili yake si Ulaya bali ni Mashariki, na Wahabeshi waliyaimba kabla Waingereza hawajawa na kitabu. Vijana wale wangaliweza kuulizwa swali jingine lililo gumu zaidi: kama mmeondoa mizani ya sauti, mmeweka mizani gani mahali pake? Kuna tungo nyingi za siku hizi zisizo na jibu kwa swali hilo, na hizo twazikataa hata leo.

Utungo wa yule kijana ulikuwa na jibu. Karatasi tuliirudisha shuleni, wala hatukubaki na nakala, lakini mistari yake miwili ya mwisho haikututoka. Alisema kwamba mama yake alikwenda kisimani na ndoo akarudi na vumbi, na katika mstari uliofuata kwamba bibi yake aliketi mlangoni akingoja maji, akaletewa habari. Ndoo na bibi, vumbi na habari. Mstari wa pili wamjibu wa kwanza na kuongeza. Tulikwenda kumuulizia. Alikuwa amekwisha maliza kidato cha nne na kuondoka, na mwalimu aliyekuwapo hakukumbuka kama alipata kuwa na mwanafunzi mtunzi.